Godoro la Mama wa Kinyozi

Wateja walimwita Bi Shazia, kwa ile shazia, sindano ndefu ya kushonea magodoro, ambayo haikumtoka mkononi. Alikuwa mjane, mwembamba kama uzi wake, wa maneno machache. Alishona dukani kwa shemeji yake, mume wa dada yake, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuwaamsha waliosinzia ibadani. Yeye na binti yake walilala chumba cha uani nyumbani kwa shemeji huyohuyo, nyuma ya duka. Mkono usioweza kuukata, wahenga walisema, ubusu. Basi Bi Shazia alibusu, mwaka baada ya mwaka.

Alikuwa na desturi moja. Godoro likiisha, kabla mteja hajalibeba, alivua kandambili, akalala chali juu yake, akamwombea atakayelilalia. Watu walimcheka. "Bi Shazia, unaomba au unatega kazi?" Naye hakujali. Aliona kwamba sala ya kusimama pembeni ni sala ya kuuzia tu; ukimwombea mtu, na mgongo wako ulale pale atakapolala wake. Shemeji hakuikataza desturi hiyo. Ilileta wateja.

Siku hiyo kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa anakuja kuchukua godoro la mama yake. Mama huyo amepooza, na mgongo umeota vidonda. "Pamba safi, fundi," kinyozi alikuwa amesihi. "Hata shuka likikunjamana tu, analia."

Asubuhi shemeji akaburuta magunia mawili hadi nyuma ya duka. Bi Shazia akafungua la kwanza, akarudi nyuma kama aliyezabwa kofi. Pamba ilikuwa ya kahawia, imegandamana madonge madonge, inanuka mikojo ya zamani. Juu yake mtu alikuwa amemwaga marashi, na zile harufu mbili zilishikana mabega kama walevi wanaorudi nyumbani.

"Hii imetoka wapi, shemeji?"

"Imeanikwa. Jua linaua kila kitu."

"Nimeuliza imetoka wapi."

"Jalalani! Haya, umeridhika? Jaza. Kitambaa ni kipya, nani ataona ndani?"

"Atalilalia mgonjwa."

"Bwana mwenyewe alilazwa horini, sembuse mama wa kinyozi."

"Horini mlikuwa na majani, shemeji. Ng'ombe hali mikojo ya watu."

Shemeji akacheka hadi jino la nyuma likaonekana. Halafu akaacha kucheka. "Kile chumba cha uani," akasema taratibu, "wako wengi wanaokililia." Akaenda zake.

Basi Bi Shazia akajaza. Ndiyo, alijaza. Alipumua kwa mdomo, akachambua yale madonge kwa vidole vilivyotaka kukimbia. Kunguni mmoja aliyenona akampanda kiganjani. Akamponda, na damu iliyotoka haikuwa yake. Katikati ya gunia la pili akakuta bandeji ya mtu, usaha umekauka juu yake kama gundi. Aliitazama. Kisha akaisukuma ndani pamoja na mengine, akashona. Sasa hakujua anachukizwa na bandeji au na mkono wake mwenyewe.

Kinyozi akafika na mkokoteni, uso umejaa furaha. Shemeji naye akatokea, shati jeupe pe.

"Haya, Bi Shazia. Mlalie mama, umwombee."

"Tena leo omba ndefu, fundi," kinyozi akasema. "Mama kaniambia nisilibebe kabla hujalilalia."

Bi Shazia akavua kandambili. Akaweka goti moja. Marashi yakampanda puani, na chini yake ile harufu nyingine. Mwili ukagoma. Alijaribu kumwita Mungu. Atamwambia nini? Amlinde mama huyu na nani, na aliyemtilia uchafu ni yeye hapa amepiga goti? Kama mgongo wangu mzima unakataa, aliwaza, ule wenye vidonda utasemaje?

Akachukua wembe wa kukatia uzi, akapasua godoro kutoka kichwani hadi miguuni.

"Silali hapa," akasema. "Na mama yako asilale."

Madonge yakamwagika sakafuni, bandeji juu yake. Kinyozi akaziba pua kwa kiwiko.

"Shetani ameingia!" shemeji akapaza sauti. "Wale wauza pamba wamenidanganya! Tuinamishe vichwa, ndugu yangu, tuombe."

Na kinyozi wa watu, kwa mazoea tu, akainamisha kichwa.

Bi Shazia hakufumba macho. Ndipo akaona: jicho moja la shemeji li wazi, linamchunguza kinyozi, na kiatu chake kinaisukuma bandeji taratibu chini ya meza, huku mdomo ukimsihi Mungu awafichue waongo wote.

"Amina," akasema kinyozi.

Bi Shazia hakuitikia. Alikumbuka ni Amina ngapi alizowahi kuiitikia sauti ile, akatoka mbio, akatapika mtaroni.

Mkokoteni ukapita karibu yake, mtupu. Kinyozi hakumwangalia.

"Usingengoja mteja aondoke?" dada yake alifoka kutoka uani. "Umemvua nguo mume wangu mchana kweupe! Sasa wewe na mwanao mtalala wapi?"

"Sijui, dada. Nipishe kwanza ninawe."

Akanawa hadi viwikoni. Akanusa vidole. Akaomba sabuni, akanawa tena.