Kokwa Ndani ya Bukari

Kila mwaka, siku ya kufundisha saratani, naingia darasani na sufuria. Wanafunzi wangu wa uuguzi hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, huanza kunusa kabla sijafika mezani, na yule aliyezoea kusinzia nyuma siku hiyo huhamia mbele. Nafunua. Ndani mna bukari, ugali wetu wa unga wa muhogo, bado una joto, nimeufinyanga mabonge mawili ya mviringo. "Madamu, mboga iko wapi?" huuliza mmoja wao. Nawaambia waoshe mikono, kwa sababu hayo ni matiti.

Hapo darasa hupasuka. Wasichana hufunika nyuso, wavulana hutazama dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa kule juu. Nawaita wavulana kwanza, kwa uchokozi tu. Tumia upande wa ndani wa vidole, si ncha. Zungusha, bonyeza kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, na usisahau kwapa. Katika bonge moja nimeficha haragwe lililochemshwa na kupakwa mafuta, ukiligusa linateleza. Katika jingine nimeficha kokwa la chikichi na nyuzi zake, gumu, limeng'ang'ania pale pale. Nauliza, ni uvimbe upi unawatisha? Karibu wote hujibu: ule unaouma. Nawauliza kama bukari umewalalamikia.

Bukari huo si ubunifu wangu. Niliurithi kwa mwalimu wangu wa miaka ya vita, mtu mnene aliyesomea Kisangani na aliyebaki mnene wakati sisi sote tumekonda, jambo ambalo hatukulielewa kamwe. Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, mashambani hakuendeki, chumvi ilikuwa kitu cha kuonjeshana. Shule haikuwa na mdoli wala picha ya kufundishia. Basi mwalimu akaomba unga.

Alitueleza saratani kwa maneno ambayo bado nayatumia. Mwili umejengwa kwa seli, alisema, na kila seli ina adabu zake: inazaliwa, inafanya kazi, inachoka, inakufa. Kisha moja inaharibika na kukataa kufa. Inazaa bila ruhusa, na wanawe wanazaa bila ruhusa. Wanajaza kiwanja, wanabomoa ua wa jirani, wanakula chakula cha wote, halafu wanapanda damu na maji ya matezi kwenda kufungua vituo vipya kwenye mapafu, ini na mifupa. Mwalimu akachungulia dirishani, ambako askari wenye mji wakati ule walikuwa wamekaa kwenye viti vya shule yetu, akapunguza sauti: "Miye sisemi inafanana na nani." Tuliumwa na mbavu kwa kuzuia kicheko.

Siku ya mtihani alileta mabonge na kutoka nje kidogo kuongea na mtu. Aliporudi, sahani zilikuwa nyeupe. Tulikuwa na njaa, jamani! Mwenzetu mmoja alikuwa amemeza hata haragwe. Mwalimu aliinua sahani yake tupu, akasema, "Weye umekula swali." Sisi wengine tulikuwa tumetema makokwa kwa heshima na kuyapanga mezani, kwa hiyo alitupa nusu ya alama.

Adhabu yetu ilikuwa kuwafundisha wanawake wa nyumbani kwetu. Ilionekana rahisi. Lakini nyumba ya watu wengi wakati wa vita ina wajomba kila kona, na huwezi kutoa titi la bukari mbele ya mjomba. Nafasi moja tu ilikuwepo. Binamu yangu alikuwa anaolewa, na siku moja kabla ya harusi wanawake wa mtaa wetu hujifungia uani na bibi-arusi, kumsugua na kumwogesha, na siku hiyo mwanamume akichungulia hupigwa kwa mwiko.

Mwenye siku hiyo alikuwa mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu. Ndiye aliyekuwa somo wa mtaa mzima, yaani mwanamke anayemwogesha bibi-arusi na kumfunda mambo ya ndoa. Alikuwa na mwili mpana, sauti ya kupasua ukuta, na mizaha ambayo siwezi kuiandika hapa kwa sababu wanafunzi wangu watasoma. Unga wa sandali haukupatikana tena, hivyo alimsugua binamu yangu kwa unga wa mchele na mafuta ya mawese mpaka akang'aa. Nikaona huu ndio wakati wangu. Nikatoa sahani.

Nilipotamka "titi", vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Bibi yangu alilibonyeza bonge, akauliza, "Huyu amenyonyesha nani, mbona anasimama hivi?" Jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali, alisema lake lilikuwa hivyo kabla ya mume. Walicheka, walisukumana, walilipitisha bonge mkono kwa mkono, na kila mmoja aliupata uvimbe na kupiga kelele kama ameokota dhahabu. Likafika kwa mama mkubwa. Aliendelea na mzaha wake, na alipoumaliza wenzake walianguka mkekani. Lakini niliona mkono wake mwingine umeingia chini ya kitenge chake na haukutoka.

Baadaye alinivuta nyuma ya jiko.

"Mutoto yangu, ile kitu ya bukari, miye niko nayo."

Aliufungua mwili wake bila haya, kama anavyowafungua mabibi-arusi. Nilijaribu kukumbuka vidole vyangu. Ulikuwepo, upande wa kwapa, mgumu, haukukimbia nilipousukuma, na ngozi iliyokuwa juu yake ilibonyea kidogo ndani.

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo. Njo maana nimeiacha."

Nilimwambia kwamba kidole hakiwezi kuapa, ni daktari anayekata kipande na kukitazama ndiye anayejua, lakini uvimbe wa namna hii haungoji. Nilidhani ataogopa kufa. Hakutaja kifo. Alijifunga kitenge, akatazama uani ambako wanaimba.

"Watakata?"

"Labda, mama mukubwa."

"Sasa nani atanipatia mutoto yake nimuogeshe?"

Hilo ndilo lilikuwa jambo. Kwetu ilisemwa kwamba somo lazima awe na mwili uliotimia, kwamba kinachopungua kwake hupita na maji kumwingia bibi-arusi. Hata aliyekatika kidole cha mguu hakuitwa. Mama mkubwa hakuwa na mtoto, mume wake alikuwa amekufa kabla ya vita, na vita vilikuwa vimechukua biashara yake ya mchele. Alichobaki nacho ni maji yale na watoto wa watu walioingia kwenye ndoa kupitia mikono yake. Nami, mwanafunzi wa bukari, nilikuwa namwambia akiache hicho pia.

Alifikiri mpaka jioni. Kisha akatoa sharti lake kwa sauti, mbele ya wote: kesho, wakishampeleka bibi-arusi kwa mume, wampeleke na yeye hospitali vile vile, kwa ngoma. "Kama nakwenda kukatwa, siendi kama mwizi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulimkabidhi binamu yangu kwa mumewe, tukala wali uliokosa chumvi tukausifu, tukarudi barabarani na ngoma yetu. Mama mkubwa alijitanda kanga ya bibi-arusi kichwani, akatembea kwa madaha katikati yetu, akiinamisha macho kama msichana. Watu walitoka majumbani kutazama. Kwenye kizuizi cha askari, kijana mwenye bunduki alituzuia.

"Bibi-arusi njo nani?"

"Njo miye," akasema mama mkubwa, akajifunua uso wake wa kibibi.

"Na bwana-arusi?"

"Iko lopitali, ananingojea na kisu."

Askari alicheka mpaka akaegemea bunduki yake, akatufungulia. Mwenzake alitaka tucheze kwanza, tukacheza. Nilicheza kwa nguvu kuliko wote, na sijui mpaka leo kama ilikuwa furaha au hofu. Nadhani vyote vilikuwa vimeingia kwenye mwili mmoja.

Daktari wa upasuaji alimpima na kumwita mwalimu wangu, na mwalimu akatuita sisi. Walimfanyia upasuaji kesho yake mchana, meza imesogezwa karibu na dirisha, maana jenereta haikuwa na mafuta. Glavu, uzi na pamba tulitafuta wenyewe. Walitoa titi lote na matezi ya kwapani. Kwenye ua wa hospitali wanawake waliimba mpaka muuguzi mkuu akatoka kuwaomba wamwache daktari asikie mapigo ya moyo. Mwalimu alitufundisha pale pale: kuna kisu, kuna dawa za kupitisha kwenye mshipa zinazoifuata seli popote ilipojificha, kuna mionzi inayoichoma, kuna vidonge vinavyoinyima homoni inayopenda kula. Tukauliza tunavyo vingapi. "Tuko na kisu," akasema. Vidonge vilikuja baadaye kwa ndege ndogo ya wamisionari, vikikatika na kurudi, na mama mkubwa alivimeza kwa miaka kadhaa akivilaani kwa joto lililomwamsha usingizini.

Bado yupo. Siku hizi namleta darasani, na hiyo ndiyo siku darasa langu huwa gumu kulituliza. Mwaka jana mwanafunzi alimwuliza kilichomletea ugonjwa. Akajibu kwa uhakika, "Waliniambia ni sababu niliweka makuta kwenye sutieni." Ilinibidi nisubiri vicheko viishe ndipo niseme hapana, si pesa za kwenye sutieni, wala simu, wala jicho la mtu. Kuwa mwanamke, kuongeza umri, kuwa na mama au dada aliyeugua, kutozaa, pombe, unene, hayo huongeza hatari ya saratani ya titi. Sigara huongeza hatari ya nyingi. Kuna virusi vya shingo ya kizazi, na vina chanjo. Kuna homa ya ini, na karanga zilizoota ukungu, ambazo ini halisahau. Na kuna mtu ambaye hana hata moja kati ya hayo na anaugua, wakati mlevi wa mtaa anamzika. Mama mkubwa alinisikiliza, kisha akawauliza wanafunzi nani kati yao bado hajaolewa.

Lakini nimeruka miezi mibaya. Kidonda kilipona vizuri. Mkono uligoma kuinuka, na tulimfanyisha mazoezi ya kupandisha vidole ukutani, yeye akayageuza kuwa ngoma. Alikuwa tayari. Hakuna aliyekuja. Harusi zilifungwa, maana hata vitani watu huoana, labda vitani zaidi, na mabibi-arusi walipelekwa kwa somo mwingine wa mtaa wa pili. Jirani yetu mwembamba alisema wazi kwenye bomba la maji, nasi tukiwa kwenye foleni: "Maji ya mutu wa pungufu, miye siwezi kumwagia mutoto yangu." Mama mkubwa alijaza ndoo yake akaondoka. Vilipopigwa vigelegele nyuma ya ua, yule mwanamke wa sauti ya kupasua ukuta alinyamaza na kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilimchukia yule jirani. Nilijichukia pia kidogo, mimi na sahani yangu.

Kisha asubuhi moja jirani huyo alibisha hodi. Nilikuwa nafua. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akasalimia kwa kirefu, akauliza habari za mkono. Binti yake anaolewa kesho kutwa, akasema. Vitenge vimepatikana. Mchele umepatikana. Amekuja kuomba somo.

Mama mkubwa alikunja mikono juu ya kifua chake, upande uliojaa na upande ulio bapa.

"Maji yangu si iko na pungufu?"

"Nilisema vile, dada. Unisamehe."

Furaha ilimpanda mama mkubwa mpaka masikioni, niliiona, ingawa alijitahidi kuificha. Alianza kuuliza habari za unga na mafuta, nani atashika ngoma, bwana-arusi ni mtoto wa nani, na kwa nini amekonda hivyo. Alitoa mzaha, wa kwanza tangu yakatwe maji yake. Nilicheka mpaka povu la sabuni likaniingia puani. Yote yalikwisha kupangwa, na chai ilikwisha kunywewa, lakini jirani hakuinuka. Alitazama mlango. Alinitazama mimi, akaona heri nibaki. Kisha akaushika mkono wa mama mkubwa, akauingiza ndani ya blauzi yake mwenyewe na kuuweka pale.

Vidole vya mama mkubwa vilizunguka, vikabonyeza kidogo, vikabonyeza zaidi, vikapanda kwapani.

"Inauma?"

"Hapana, dada. Haiumi."

Mama mkubwa alitoa mkono, akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mutoto wako, kesho kutwa," akasema. "Weye, leo."