Visanduku viwili vya Injinia Faraji na king'ora kilichochelewa

Wakuu, habari za humu.

Mimi shule niliishia la tano, kwa hiyo uandishi wangu mtauvumilia. Ninachoandika kimenipata mwenyewe. Majina nayataja kwa sababu wao langu walilitaja.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni ilikuja Mtwara kampuni ya kutafuta gesi. Nikapata kibarua upande wa kijiji cha Ziwani. Tunafyeka mkuza, yaani njia nyembamba iliyonyooka, katikati ya mikorosho ya watu, tunachimba shimo, tunatia baruti, inalipuka, mashine inasikiliza mtikisiko unavyorudi kutoka chini.

Kazi yote ipo kwenye muda.

Kisanduku kimoja kinakaa upande wa shimo, mbali kidogo mlipuko usikifikie, kingine kwenye gari la injinia. Ndani kuna chip wanaita microcontroller, ina timer inayokata sekunde moja vipande milioni. Cha upande wa shimo muda ukifika kinalipua chenyewe. Cha kwenye gari kinapiga king'ora kwanza, tuondoke, halafu kinarekodi.

Ili timer ziende pamoja, kila asubuhi vinaunganishwa kwa waya, inabonyezwa button moja, vyote vinaanza sifuri. Basi.

Siku hiyo Injinia Faraji, kijana wa Dar anayevaa miwani ya jua hadi kivulini, kasahau waya kambini mjini. Kurudi hataki, wakubwa zake wanakuja kukagua mchana. Akamwita kwenye redio Ponsiano, mlipuaji wetu.

"Ponsi, nahesabu kwa mdomo. Nikisema tatu, bonyeza."

"Sawa bosi. Ukianza kuisema au ukimaliza?"

"We bonyeza tu."

Yaani mtambo wa kukata sekunde vipande milioni unawashwa kwa dole gumba la Ponsiano.

Na hilo lilikuwa dogo. Hemedi, dereva wa Faraji, ndiye aliyekuja kunisimulia lililofuata. Baada ya kuhesabu, kisanduku cha kwenye gari kikazima, betri imelegea. Faraji kahangaika nayo dakika kadhaa, akabonyeza upya peke yake.

Hemedi akamuuliza, "Na Ponsi si aanze upya?"

"Jioni nitaviunganisha nione vimepishana kiasi gani, tofauti hiyo nitaitoa kwenye hesabu za kompyuta. Wewe shika usukani."

Kwa rekodi zake alikuwa sahihi kabisa. Ila king'ora chetu nacho kilifuata timer yake hiyo iliyochelewa. Hilo halikumjia kichwani, maana king'ora si cha kwake, ni cha vibarua.

Sasa Ponsiano. Sheria inasema waya za baruti haziunganishwi na kisanduku mpaka watu wote watoke. Yeye kaunganisha mapema ili akakae chini ya mkorosho wa mbali ale mihogo yake.

"Bakari, malizia kufukia. King'ora kikilia, njoo."

Nikiwa nafukia, akaja mama mmoja wa pale, Bi Somoe, na kapu kichwani, anakatisha mkuza. Nikaacha koleo, nikamfuata.

"Mama, rudi, hapa kuna baruti."

"Mikorosho yangu mmekata, na njia mnaninyima? Baba yako kapanda mkorosho gani hapa?"

Angenitii haraka, ningerudi kwenye shimo na leo nisingeandika. Alinishikilia kwa maneno. Tukiwa tunabishana, ardhi ikapasuka mgongoni kwangu.

Bi Somoe alianguka, hakuumia. Mimi jiwe lilinipata kichwani. Sikio la kushoto likafa siku hiyo.

Bi Somoe ananiambia king'ora kililia nikiwa nimeshalala chini.

Faraji akaja hospitali na soda mbili. "Bakari, Mungu mkubwa. Na usiwe na wasiwasi, rekodi ya shimo lile imetoka safi."

Ripoti ikaandikwa: kibarua Bakari alipuuza king'ora. Shahidi Ponsiano. Bi Somoe hakuna aliyemuuliza. Nikafukuzwa, na hakuna aliyeniajiri tena kwenye mikuza.

Nilichojifunza: kinachokuonya na kinachokuua visiwe na saa mbili tofauti. Na usikae karibu na baruti kama mwenye button yuko kwenye gari.

Waliopita kwenye mikuza ile semeni na nyie. Mafundi wa timer, kama nimekosea pahala nirekebisheni, sina kiburi.

Na Faraji, nasikia siku hizi una ofisi yako. Kama unapita humu: ile tofauti uliipima jioni ile ile, hadi vipande vya milioni, ukaitoa kwenye rekodi zako. Mimi hukuniambia mpaka leo.

Ilikuwa kiasi gani? Iandike hapa chini.