Kitenge Miguuni pa Mtunzi wa Baleti

Marafiki, kuna jambo nimelificha tangu enzi za Zaïre. Leo mjukuu wangu amelichokonoa.

Alikuwa akininywesha uji.

"Koko, ile baleti ya bila ngoma, ni kweli batu bote balizomea?"

Ndivyo nilivyosimulia siku zote.

Kweli ni kwamba nusu ya ukumbi wa mtaa wetu wa Kadutu ilizomea, nusu ikashangilia. Kisha mke wangu akafungua kitenge nilichomletea siku ya ndoa, akamtandikia mtunzi miguuni, kama mama zetu wanavyomtunza mchezaji aliyewagusa moyo.

(Ninyi mngebaki kitini?)

Nilitoka nikipayuka, "Hii haiko muchezo, iko wazimu!"

Nakaribia kufa, niseme. Mchezo ulikuwa mzuri sana.

Ila mke wangu hakuwahi kunitazama mimi kama alivyomtazama yule mtunzi.