Shikamoo ya Dada

Dada yangu alirudi Kilosa na kovu dogo pajani, na kovu lile lilinitesa mimi kuliko lilivyomtesa yeye. Mshipa mmoja wa damu ulikuwa umevimba kichwani mwake, na madaktari wa Dar es Salaam waliuziba bila kumpasua kichwa. Waliingiza mpira mwembamba pajani, wakaufikisha mpaka kichwani, wakajaza nyaya laini pale palipovimba. Ndugu walitoka Magole na Vidunda kuja kusikia habari hiyo. Mama alifunga mlango, akainua kanga ya dada, akawaonyesha wanawake mmoja mmoja kile kidoa, utadhani amekitoboa yeye.

Mimi nilikuwa jikoni. Miaka yote dada alipokuwa Mikumi akipikia watalii, mimi ndiye niliyekaa na mama, nikamchotea maji, nikampeleka kliniki, na hakuna aliyewahi kutoka Magole kuja kuniona. Sasa dada amelala kwenye kitanda changu na kuku wote ni wake. Nilimwonea wivu mgonjwa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Wiki ya tatu akaanza kulalamika kichwa, na mwili ukawa wa moto. Tukapima malaria, hakuna. Nikasema moyoni, wageni wamepungua, anataka warudi.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea uji. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Shikamoo."

Ananizidi miaka sita. Tangu nijue kusema, mimi ndiye ninayemwamkia. Nikaona ananidhihaki, eti nimejifanya mwenye nyumba. Basi nami nikamkomoa.

"Marahaba," nikasema, nikaweka uji nikatoka.

Jumanne akaniamkia tena. Jumatano vilevile. Sitaficha, nilianza kuipenda ile shikamoo. Niliiitikia taratibu, marahaba ndefu ya mtu mzima, na mama sikumwambia.

Alhamisi mama akaisikia akiwa mlangoni. "Anakuamkia wewe? Tangu lini?"

"Ananitania tu, mama."

Mama akamshika paji la uso, akamwuliza mimi ni nani. Dada akanitazama kwa adabu zote.

"Si ni shangazi huyu?"

Mchana huo tulikuwa hospitali kubwa. Picha ilionyesha usaha kwenye ubongo. Daktari alisema hutokea mara chache sana baada ya tiba ile, vijidudu vikapata njia ya kufika kichwani. Kisha akauliza, "Alianza lini kuchanganyikiwa?"

"Leo asubuhi," mama akajibu, na daktari akaanza kuandika.

Nilitazama kandambili zangu.

"Jumatatu," nikasema.

Mama aligeuka akanitazama. Mpaka leo hajaniuliza.

Walimtoa usaha, wakamchoma sindano za dawa wiki nyingi. Dada yu hai. Mkono wa kulia haushiki kijiko sawasawa. Kama ni zile siku tatu zilizouchukua, daktari hakusema, nami sikuuliza.

Siku hizi kila asubuhi nawahi kumwamkia kabla hajafungua mdomo. "Marahaba, mdogo wangu," anaitikia, na kunyoosha mkono wa kushoto kupokea kikombe. Zile siku tatu hakumbuki hata moja. Wivu wangu wote sasa uko hapo.