Chupa Mbili za Maji Kuvuka Mpaka

Niliondoka kwa sababu ya mtoto aliyelazwa kwa kipindupindu. Ni binti wa Mama Furaha, aliyekimbia vita Masisi na sasa anaishi kambini, pembeni mwa Goma, na watoto wengine wawili. Kazi yangu ni kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye bidoni, yale madumu ya wanaochota maji Ziwa Kivu. Bidoni yake niliitia dawa kwa mkono wangu. Nilipoyapima yale maji hemani, hayakuwa na dawa hata chembe.

"Papa, dawa yenu ilikufa," aliniambia. "Kama ni vile, kesho nitachota hapa ku shimo. Ziwa ni mbali."

Maji ya shimo lile yangewalaza na wawili waliobaki. Nilimsihi achote ziwani siku moja zaidi.

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani kwangu Majengo, Goma. Nilifungasha chupa mbili, moja ya ziwani yenye dawa na nyingine ya hemani, nikapanda pikipiki kwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, zikapimwe upya. Mizinga ilikuwa ikisikika vilimani. Dereva alikwenda mbio, lakini mimi niliona tunatambaa.

Saa mbili, mpakani. Askari aliinua chupa juani. "Muzee, unatoa maji ku ziwa, unapeleka ku ziwa? Gisenyi bamekosa maji?" Foleni nzima ilicheka. Nilicheka nami, huku nikitazama saa. Siku hizi mpaka hufungwa alasiri.

Gisenyi alinipokea Claudine, mpimaji wa maji wa upande wa Rwanda. Ziwa ni moja, na kipindupindu hakiombi kibali cha kuvuka. Ndiyo maana wapimaji wa pande zote mbili tunasaidiana, hata wakubwa wetu wanaponuniana. Alitia kidonge cha kupimia klorini kwenye kila chupa. Maji ya ziwani yakageuka rangi ya waridi, ishara kwamba dawa imo. Ya hemani yalibaki meupe.

"Dawa yako ni nzima," alisema. "Kuna kitu kinaila njiani. Ulishawahi kutembea na bidoni?"

Sikuwahi. Miaka yote nilipima mwanzo na mwisho tu.

"Basi twende, Papa. Mpaka hautungoji."

Saa sita tulikuwa ufukweni Goma. Tulimfuata Mama Furaha juu ya mawe makali ya volkano, bidoni iliyokwisha kutiwa dawa mgongoni mwake, mkanda kwenye paji la uso. Kifuniko kilipotea zamani. Aliziba kwa gunzi la mahindi, jeusi kwa uzee. Kila hatua maji yalilipiga. Claudine alisimama ghafla.

"Mama, hii gunzi ni ya lini?"

"Ya shamba yetu, Masisi. Nilikimbia nayo."

Nikamweleza taratibu: klorini haichagui, hupambana na uchafu wowote inaoukuta, na nguvu zake zikiisha, zimeisha. Gunzi lilikuwa linaimaliza kabla hajafika.

"Kumbe ndio miye niliua dawa?"

"Hapana, mama. Ni sisi hatukutembea na wewe."

Tulirudi ziwani, tukachota upya, tukatia dawa, tukaziba kwa gunzi jipya lililofungwa plastiki safi. Hemani, maji yaligeuka waridi. Claudine alikimbilia mpakani bila hata kunywa chai.

Tangu siku ile sipimi tena kwa kusimama mahali pamoja. Nawe ukitunza maji ya watu, yafuate mpaka kikombeni.

Jioni ile Mama Furaha aliwapa watoto maji yale, kisha akaonja mwenyewe na kukunja uso.

"Papa, inanuka dawa!"

"Ndiyo, mama. Sasa inanuka."