Kamba Nyekundu ya Mama Makoti

Mama Makoti hakuiamini futi ya mafundi. Alisema futi ni ya kila mtu, na cha kila mtu hakina siri. Kila aliyemshonea koti alikuwa na kamba yake ya sufu msumarini, yenye mafundo matatu: la bega, la mkono na la kifua. Ya mumewe ilikuwa nyekundu.

Kazi yake ilikuwa kuyatesa mablanketi. Alinunua makuukuu ya sufu tupu, akayatosa kwenye pipa la maji ya moto yenye sabuni, akayakanyaga, akayapigapiga ubaoni, kisha akayatia maji baridi. Blanketi la kutosha watu wawili lilitoka limerudi likawa la mtoto, nene, halipitishi upepo wala manyunyu. Hapo ndipo alipokata koti. Anayekata kwanza na kuchemsha baadaye, alisema, humshonea mwanasesere.

Mumewe alikuwa mpasua mbao, kutwa yuko nje, na baridi ilikuwa inabisha hodi. Jioni moja akamzungushia kamba kifuani, juu ya sweta zake mbili. Fundo halikufika. Palibaki pengo la kiganja kizima.

"Umenenepa, baba watoto."

"Mimi? Kwa chakula gani?"

Swali hilo ndilo lililomchoma. Kwa chakula gani, kweli? Kwa wiki kadhaa sasa mumewe alikuwa anasukuma sahani na kusema ameshiba. Na nje ya kiwanda cha mbao alikuwepo mjane mmoja anayeuza chakula, mwepesi wa kucheka na wateja. Dalili ya mvua ni mawingu, na Mama Makoti hakuwa mtu wa kusubiri alowe. Mwanamume aliyehangaika naye tangu ujana sasa anapikiwa na mwingine, kisha anakuja kwake kupimwa koti.

Akaamua kumuumbua. Akalitoa koti la mwaka jana, lile lililombana hata vifungo vikalalamika.

"Vaa hili tuone kama litafunga."

"Liache tu, mama watoto. Nimechoka."

Hilo nalo akaliweka moyoni. "Vaa. Na uvue hayo masweta."

Akayavua polepole, amempa mgongo. Akavaa koti. Vifungo vikafunga bila taabu. Mama Makoti akalishika kwa nyuma, na kitambaa kikamjaa ngumi zote mbili. Koti lilikuwa lile lile, wala blanketi likisharudi halipanuki tena.

Akaitazama kamba. Ilikuwa imevimba na kuota manyoya. Ndipo akakumbuka: alipokosa kitu cha kufungia blanketi kabla ya kulikanyaga pipani, mkono wake mwenyewe ulikwenda kwenye msumari wa mumewe, na kamba ikarudi pamoja na blanketi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Muda kidogo. Chakula hakipiti vizuri. Nilisema nimalize kwanza kazi zilizopo."

"Na sweta mbili?"

"Ili usione."

Akamfunga kifungo cha shingoni, kisha akakifungua, hajui mikono aipeleke wapi. "Kesho hakuna kazi. Tunakwenda hospitali, mimi na wewe."

Muda mfupi uliopita alikuwa tayari kumrarua yule mjane. Sasa aliomba kwa moyo wake wote iwe kweli mumewe alikuwa akila kwake.