Sukari Ndani ya Zege

Aliyemvunja shemeji yake taya kwa beleshi, mchana kweupe, hakuwa mlevi wala mwehu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili. Wajenzi walimwita Mama Karai, maana alibeba zege kichwani miaka ishirini na mitatu mpaka utosi ukaota sugu. Anayesema mwanamke yule alipenda ugomvi hamjui. Ugomvi ndio uliompenda yeye.

Mumewe, fundi nondo, alikufa kazini. Zege la dari walilokuwa wakijenga lilipikwa mbali, likapakiwa kwenye lori. Lori likakwama njiani, zege likaanza kushika, dereva akalimiminia maji ili lishuke. Zege la hivyo ni uji, na uji haubebi jengo. Siku ya kung'oa mirunda, yaani zile nguzo za miti zinazoegemeza dari bichi, lilimshukia lote. Mama Karai alimtambua kwa mkanda wa suruali.

Basi ilipokuja mashine ya magurudumu, inayochota kokoto kwa mdomo wake, inapima maji yenyewe na kupika zege palepale linapotakiwa, wabebaji waliilaani, yeye akamwendea msimamizi.

"Nifundishe."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wiki ya sita aliiendesha kwa mkono mmoja, na waliocheka wakatafuta kazi ya kufanya.

Msimamizi akamwambia mbele za watu, "Dari la wodi ya wazazi ndio mtihani wako, mama. Likikataa kushika, mashine nairudisha, na wewe unarudi kwenye karai."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu na kiongozi wa wabebaji, aliyasikia, akayatia moyoni.

Dari humwagwa siku moja bila kusita. Ukiacha upande mmoja ukauke, mpya haushikamani nao, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Siku hiyo Mama Karai alipanda na mashine kwenye tuta nyuma ya jengo, akamimina darini, akashuka, akachota tena. Nusu ya dari ikajaa kabla ya adhuhuri. Aliposhuka kukagua tairi, alimwona shemeji ananing'inia kwenye mdomo wa pipa la mashine, anakung'uta mfuko. Chembe nyeupe zilimwagika mpaka chini. Akaziokota kwa kidole, akazionja.

Sukari. Na sukari ikiingia kwenye zege, zege halishiki.

"Nini hiki, shemeji?"

"Chai ya bibi yako huyu wa chuma. Ainywe, afe."

"Chini ya dari hili watalala wazazi na vichanga!"

"Na wanangu walale na njaa?" Akaruka chini, akamtemea mate usoni. "Kaka angekuwepo angekukata miguu."

"Kaka yako aliuawa na zege bovu. Leo mpishi ni wewe!"

Shemeji alimpiga ngumi ya mdomo. Mama Karai akala vumbi, akasikia kidole chake cha kati kikilia ka! chini ya buti. Alimng'ata mguu mpaka akaonja damu. Shemeji akanyanyua tofali. Mkono wa mama ukakuta beleshi. La kwanza lilimpata begani, tofali likaanguka. La pili lilimpata taya. Meno mawili yakaingia kwenye kokoto na hayakutafutwa. Wabebaji walisogea, wakaliona lile beleshi, wakakumbuka nyumbani wana watoto.

"Nani mwingine?" akauliza.

Wakarudi nyuma, mmoja mmoja.

Sasa zege. Lingekuwa la lori, wangengoja lingine kwa saa tatu, na nusu ya dari ingekauka peke yake. Yeye alilimwaga lile tamu lote mtaroni, akasuuza pipa mara mbili, akachota upya. Robo saa tu. Aliendesha damu ikimdondoka kwenye usukani, kidole kimelala upande kama kijiti. Jua likizama, dari lilikuwa kipande kimoja.

Asubuhi msimamizi alipanda na nyundo, akagonga pembe zote. Ngo, ngo, ngo. Akamtazama mama, akavua kofia.

Jioni mama mkwe alikuja, analia. "Mke wa mwanangu, yule ni damu yetu. Amefungwa mdomo kwa waya, anakula kwa mrija. Nenda kamwambie pole."

"Pole nilishampa kwa beleshi, mama. Meno ndiyo chenji."

"Una roho ngumu!"

"Ninayo. Mume wangu alikufa chini ya roho laini ya mtu aliyeogopa kulitupa zege lililoharibika." Akafunga upya kitambaa cha kidole. "Akipona, mashine inataka mtu wa kuchekecha mchanga. Aje mwenyewe, mikono mitupu, nimkague mifuko."

Mama mkwe aliondoka bila kuaga. Miezi miwili baadaye shemeji alikuja, taya limepinda, akageuza mifuko yote nje kabla hajaulizwa. Mama Karai alimwonyesha chekeche kwa kidole kilichopinda, akarudi kwenye usukani.